Namna ya kurekodi ushuhuda wa mzee aliyepitia kambi ya kizuizini

Ukiishi Bahati, Subukia, Dundori, Njoro au Elburgon, hauko mbali na nyumba ya mtu aliyewahi kufungiwa katika kambi za kizuizini za miaka ya Hali ya Hatari, wakati serikali ya kikoloni ilipopigana na Mau Mau, au ya mtoto wake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa amefika au amepita miaka 90, kwa hiyo muda wa kumsikiliza ni mfupi. Wajukuu na walimu wa historia hapa Nakuru wanaotaka kurekodi habari za wazee hawa mara nyingi huanza na ushujaa: ulikula kiapo cha Mau Mau wapi, ulikataa vipi, ulipigwa na nani. Mzee hujibu na simulizi hutoka nzuri, lakini sehemu kubwa ya maisha yake kambini hubaki nje, kwa sababu wengi waliorudi nyumbani walirudi baada ya kukubali, siku fulani, jambo ambalo walikuwa wameapa kutolikubali kamwe. Waliungama kiapo, wakataja jina, wakashika kazi ya karani au ya jikoni, au wakanyamaza mwenzao alipokuwa akipigwa.

Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo. Ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, na ndiyo ya kwanza kupotea mzee anapoaga dunia, maana hata watoto wake hawajawahi kuisikia.

Ujue kambi kabla ya kubisha hodi

Usiende na daftari tupu. Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952 na ikaondolewa mwezi Januari 1960. Katika Bonde la Ufa, Wakikuyu wengi waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi walifukuzwa au kuhamishwa kwa nguvu, na wengine wakachujwa, yaani wakahojiwa ili ijulikane nani yuko upande wa Mau Mau, papo hapo shambani. Mwezi Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, wakakamata makumi ya maelfu ya watu, na wengi wao wakapelekwa Manyani, Mackinnon Road na Langata. Hesabu rasmi ya serikali ya kikoloni inataja watu takriban 80,000 waliozuiliwa bila kufikishwa mahakamani, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Upande wa magharibi kulikuwa na kambi katika visiwa vya Mageta na Saiyusi, ndani ya Ziwa Victoria, kwa hiyo mwandishi wa Kisumu, Bondo au Usenge naye ana kazi ya kufanya hata kama jirani zake hawakufungwa: wapo waliowaona wafungwa wakivushwa kwa mashua, na wapo waliokuwa askari wa kuwalinda.

Jambo la lazima kulielewa ni namna kambi zilivyopangwa. Mfungwa alipitia mchujo, mara nyingine mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye alitikisa kichwa tu kuonyesha nani ni nani. Kisha aliwekwa katika kundi: weupe walikuwa wa kuachiliwa, wa kijivu walikuwa wa kufanyishwa kazi na kusukumwa hadi waungame, na weusi walihesabiwa kuwa sugu. Kutoka kundi moja hadi lingine ndiyo ilikuwa njia ya kurudi nyumbani, na mlango wa njia hiyo ulikuwa maungamo. Kazi nyepesi zaidi, mapigo machache zaidi na hatimaye barua ya kuachiliwa vilitegemea mtu amekubali kiasi gani. Katika kambi za Mwea, kuanzia mwaka 1957, wafungwa wachache waliokataa walitiwa katikati ya wengi waliokwisha kukubali, na nguvu ikatumika hadi nao wakubali. Baadhi ya wale waliokubali walishiriki kuwalazimisha wenzao. Asiyeyajua haya humsikia mzee akisema kwamba aliungama, akadhani amesikia habari ya udhaifu wa mtu mmoja, ilhali amesikia namna mtambo mzima ulivyofanya kazi.

Soma pia habari za kambi za Wajerumani wa wakati wa Hitler. Sisemi kwamba kambi hizo na za Kenya zilikuwa sawa, kwa kuwa hazikuwa. Auschwitz peke yake waliuawa watu takriban milioni 1.1, na sehemu kubwa ya kambi hiyo ilijengwa kwa ajili ya kuua. Nazitaja kwa sababu huko ndiko swali la mfungwa aliyesaidia ili aishi lilikochunguzwa kwa kina zaidi, na uchunguzi huo unamfunza msikilizaji adabu. Wajerumani waliwafanya baadhi ya wafungwa kuwa wanyapara juu ya wenzao, wakiitwa kapo, wakipewa chakula zaidi na fimbo. Wengine waliwekwa katika kikosi kilichoitwa Sonderkommando, kilicholazimishwa kuondoa maiti katika vyumba vya gesi na kuzichoma, na watu wa kikosi hicho nao waliuawa mara kwa mara ili wasibaki mashahidi. Ukiishia hapo utasema hao walikuwa watumishi wa wauaji. Lakini tarehe 7 Oktoba 1944 ni watu wa kikosi hichohicho walioasi huko Birkenau, sehemu ya Auschwitz, na kuchoma jengo moja la tanuri, na ni mmoja wao, Zalman Gradowski, aliyezika maandishi yake ardhini karibu na tanuri hizo ili walimwengu waje kujua. Yeye mwenyewe hakuiona siku ya ukombozi.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Buchenwald, kambi nyingine ya Wajerumani. Huko wafungwa wa kisiasa walishika kazi za ukarani na za hospitali ya kambi, kazi zilizowapa nafasi ya kugusa orodha za majina. Mwaka 1944 Mfaransa Stéphane Hessel, aliyekuwa amepangiwa kunyongwa, aliokolewa kwa kupewa jina na namba ya mfungwa mwingine aliyekufa kwa homa ya taifasi. Tendo hilo ni jema kabisa. Hata hivyo, karani aliyeweza kuliondoa jina moja katika orodha ya watu wa kupelekwa kwenye kazi ngumu zilizowaua wafungwa aliijua pia hesabu: idadi ilibaki ileile, na nafasi iliyoachwa ilijazwa na mtu mwingine. Yeyote anayekwenda kumhoji mzee aliyekuwa karani Manyani au mpishi Mwea anapaswa kwanza kukaa na jambo hilo kwa muda, hadi aache kutafuta mtu safi na mtu mchafu.

Mlangoni na ndani ya nyumba

Siku ya kwanza usirekodi chochote. Mwambie mzee wewe ni nani, umetumwa na nani au umekuja kwa hiari yako, na utafanya nini na maneno yake. Sema waziwazi kwamba hukuleta fidia. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228 walioteswa katika kambi, na tangu hapo mtu yeyote anayefika na karatasi kuuliza habari za kizuizini huweza kudhaniwa kuwa wakili au karani wa wakili. Tumaini la uongo ni ukatili kwa mtu wa umri huo.

Jambo hilo la fidia lina upande wa pili ambao wengi hawautilii maanani. Mzee aliyewahi kusimulia maisha yake kwa ajili ya madai aliyapanga kuzunguka jeraha: alipigwa wapi, alivunjika nini, kovu liko wapi. Ilikuwa lazima apange hivyo, na hakusema uongo. Lakini mtu aliyefanya kazi jikoni kwa miezi sita, kisha akapigwa, alikuwa na kila sababu ya kuiacha miezi hiyo sita nje ya maelezo yake. Ukimsikia akisimulia kwa mpangilio ambao umenyooka mno, kama mtu aliyekariri, fahamu kwamba unasikia simulizi iliyokwisha kutumika mahali pengine, na umpe nafasi ya kusimulia upya bila haraka.

Fikiria kwa makini nani awe chumbani. Watoto wa mzee hupenda kukaa karibu, na heshima haikuruhusu kuwafukuza, lakini mzee ambaye kwa miaka 60 amejulikana na wanawe kama mtu aliyekataa kuungama hatasema mbele yao kwamba aliungama. Omba mazungumzo mawili: moja la familia nzima, na lingine la ninyi wawili mkiwa mmekaa nje chini ya mti, watoto wakiwaona kwa mbali. Kwa mwanamke aliyezuiliwa Kamiti au aliyeishi katika vijiji vya kulazimishwa, msikilizaji awe mwanamke, na akifika mahali pa kueleza alichofanyiwa na askari au homgadi (Mwafrika aliyelinda kijiji kwa niaba ya serikali), au alichokubali ili watoto wake wapate chakula, simu ya kurekodia izimwe hadi yeye mwenyewe aseme iwashwe. Tumia lugha anayoiotea ndoto. Ikiwa ni Kikuyu na wewe hukijui vizuri, nenda na mkalimani kutoka mahali pengine, asiwe jirani.

Kabla ya kuanza, weka simu mezani mahali anapoiona na umwambie: "Guka, ukisema nizime, nazima, na sitakuuliza kwa nini." Kisha mwonyeshe jinsi inavyozimwa. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyewahi kuhojiwa mbele ya karani wa mchujo anahitaji kuona kwamba mara hii mamlaka iko mkononi mwake.

Anza na sufuria, si na dhamiri

Usimwulize mzee kama aliwasaliti wenzake, na usimwulize pia kama hakuwahi kuwasaliti. Maswali yote mawili ni ya mahakama. Uliza habari za vitu. Mlilala wangapi katika banda moja, na nani alilala karibu na mlango? Nani alibeba ndoo za choo asubuhi? Posho ilipimwa kwa nini, na nani aliipima? Mavazi yalitoka wapi mvua iliponyesha? Maswali haya yanaonekana ya kitoto, lakini kambini kila kitu kilikuwa na mtu aliyekishika, na kila aliyekishika alikuwa amekubali jambo fulani ili akishike.

Mzee mmoja wa upande wa Solai alikuwa akinijibu kwa sentensi fupi fupi mpaka nilipomwuliza nani alikuwa akishika upawa jikoni. Alinyoosha mkono, akaonyesha jinsi upawa unavyozamishwa hadi chini ya sufuria kwa mtu wa kwenu, kule maharagwe yalikotua, na jinsi unavyopitishwa juu juu kwa mtu usiyemjua, naye akaondoka na maji matupu. Aliurudia mwendo huo wa mkono mara mbili, polepole. Kisha akasema kwamba kwa miezi kadhaa aliyeshika upawa alikuwa yeye. Katika kambi za Wajerumani pia wafungwa walijua kwamba supu nzito hukaa chini, na walikuwa wakipiga hesabu ya mahali pa kusimama katika foleni ili wafikiwe sufuria ikiwa imepungua vya kutosha. Uzito wa maadili wa kambi ulikuwa pale, katika kina cha upawa, kila siku mara moja au mbili, na ni mahali ambapo vitabu vya shule havifiki.

Akishakuambia kwamba kazi ilikuwa yake, usimwulize kwa nini aliichukua. Mwulize aliipata vipi, nani aliyekuwa nayo kabla yake, na huyo wa kwanza alikwenda wapi. Mwulize ingekuwaje kama angekataa, na umwache ajibu kwa kumtaja mtu aliyeona akikataa, maana jibu la kukisia halina thamani kama jibu la kuona. Mwulize kazi hiyo ilimpa uwezo wa kufanya nini: alimpa nani chakula cha ziada, alimficha nani, alipeleka habari gani kutoka banda moja hadi jingine. Mwisho, na ikiwa tu mazungumzo yamefika huko yenyewe, mwulize nani aliyelipa gharama yake. Swali la mwisho ni zito kuliko yote, na wapo wazee ambao hawatalijibu. Liache lilale, ukamwulize habari za safari ya kurudi nyumbani.

Ninaamini maswali hayo yanafaa kwa sababu yanatenganisha mambo ambayo lawama huyachanganya. Aliyeungama kiapo chake mwenyewe baada ya kupigwa siku nyingi, aliyetaja jina la mtu aliyekwisha kufa ili asimtaje aliye hai, aliyetaja jina la jirani ili apate shamba lake, na aliyeendelea kuwapiga wenzake hata askari alipokuwa hayupo, wote huitwa wasaliti katika mabishano ya mitaani. Hawakufanya jambo moja. Wa kwanza nyumba yake haina cha kuonea haya. Wa pili alifanya kazi ngumu ya akili katika hali ambayo wengi hawangeweza kufikiri kabisa. Wa tatu na wa nne wanabeba lawama, nami sioni sababu ya kuificha kwa heshima ya mvi. Kuelewa kambi hakumaanishi kwamba kila tendo lililofanyika ndani yake lina udhuru. Kunamaanisha kwamba hutatoa hukumu kabla ya kujua ni tendo lipi hasa.

Hata mahakama zimekwama hapa. Israel ilitunga sheria mwaka 1950 ya kuwaadhibu Wanazi na washirika wao, na kwa sheria hiyo Wayahudi walionusurika walishtakiwa kwa waliyowafanyia Wayahudi wenzao. Hirsch Barenblat, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Kiyahudi katika mji wa Będzin, Poland, alitiwa hatiani mwaka 1964, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikamwachilia. Majaji hao walikuwa na mashahidi walio hai na mawakili wa pande zote mbili. Wewe una simu na mzee mmoja mwenye usingizi mchache.

Majina ya watu wengine

Mzee akianza kusema, atataja majina: aliyevaa gunia, aliyempeleka kwa homgadi, aliyempiga Mwea. Katika mashamba ya makazi ya Nakuru, watoto wa waliofungwa na watoto wa waliowafunga walipata mashamba yanayopakana, wakaoana, na wanakaa benchi moja kanisani. Jina moja linaloponyoka kutoka kwenye rekodi na kuingia katika kundi la WhatsApp la kijiji linaweza kurudisha uhasama wa miaka 70, na mtajwa au mtoto wake hana nafasi ya kujibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe mwangalifu na habari za watu walio hai, lakini hata bila sheria hiyo jambo lenyewe liko wazi. Katika nakala ya kusomwa na watu, weka alama badala ya jina, na uandike kazi ya mtu huyo: karani wa mchujo, homgadi, mfungwa wa banda lilelile. Majina kamili yabaki katika nakala moja iliyofungwa.

Linganisha, kisha andika

Ushuhuda wa mtu mmoja unahitaji kulinganishwa na nyaraka, na nyaraka nazo zinahitaji kushukiwa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, na taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya kunywa maji. Faili nyingi za kipindi hicho zilichukuliwa hadi Uingereza kabla ya uhuru, na kuwepo kwake hakukujulikana hadharani hadi mwaka 2011. Kwa hiyo ukienda katika Nyaraka za Taifa mtaa wa Moi Avenue, Nairobi, ukakuta karatasi inayosema kwamba fulani "alishirikiana kwa hiari", usiichukue karatasi hiyo kuwa na nguvu kuliko kauli ya mzee. Aliyeiandika alikuwa akihesabu maungamo kwa wakubwa wake, na kila ungamo lilikuwa ushahidi kwamba kazi yake inakwenda vizuri. Wala usiitupe. Weka kauli zote mbili kando kwa kando, na uandike zinapopishana.

Unapoandika, fuata mpangilio wa mzee hata anapoanza na mwisho na kurudi nyuma. Aliporuka mwaka mzima, andika kwamba aliruka. Aliponyamaza, andika kwamba alinyamaza, na baada ya swali gani. Usiongeze sifa wala lawama ambayo hakuisema, na usilainishe sentensi yake ngumu kwa sababu unampenda. Akisema "nilimpiga," andika kwamba alisema alimpiga. Wajukuu wanaoandika habari za babu zao hushindwa hapa kuliko mahali pengine popote, na nawaelewa, lakini babu aliyesubiri miaka 60 kulisema jambo hilo hakulisema ili lifutwe na mjukuu.

Rudi kwake na maandishi, umsomee yote kwa sauti. Ana haki ya kusahihisha, kuongeza na kuondoa, na unapoondoa sehemu kwa agizo lake, weka tarehe ya agizo hilo bila kueleza kilichoondolewa. Kubalianeni kwa maandishi, kwa sahihi au alama ya dole gumba, ni sehemu gani zinaweza kusomwa sasa, ni zipi zisubiri hadi afariki, na ni zipi zifungwe kwa miaka mingapi baada ya hapo. Hifadhi rekodi mahali pawili tofauti, kwa mfano diski moja kwako na nyingine katika maktaba ya chuo au kanisa inayokubali masharti hayo kwa maandishi. Nakala iliyochapwa mwachie mzee, ndani ya bahasha iliyofungwa, naye ataamua nani nyumbani mwake aipokee.